Nani Alikwambia Huna Sauti?

Hotuba kwa wazazi na walimu, Walukuba, Jinja, Uganda. Nimeiandika upya kutokana na karatasi nilizokuwa nazo mkononi, pamoja na yale niliyoyaongeza papo hapo baada ya umeme kukatika na kipaza sauti kunyamaza.

Wazazi wangu, walimu wenzangu, mwenyekiti wa mtaa, na ninyi watoto mlioko dirishani mlioambiwa msiingie: habari za mchana.

Kabla sijasema lolote, naomba wasiojua kuimba wanyooshe mikono. Msione haya, tuko nyumbani. (Mikono ikajaa hewani. Mama mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kitenge cha njano, alinyoosha yote miwili na ukumbi ukacheka.) Asanteni, shusheni. Sasa swali la pili: nani aliwaambia?

Nimeombwa nizungumzie ubishi ambao hauishi kwenye vibaraza vyetu: mtu huzaliwa na kipaji cha muziki na sanaa, au hufundishwa? Nitajibu, sitawakimbia. Ila nitaanza na mwalimu wangu mmoja.

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la nne, katika shule ambayo sitaitaja. Tulikuwa watoto 60. Mashindano ya muziki, ngoma na maigizo yalikuwa yamekaribia, basi mwalimu wa kwaya akatupanga mistari mitano, akatuimbisha wimbo mmoja tena na tena, huku yeye anapita katikati yetu ameinamisha sikio mdomoni mwa kila mtoto. Mkononi alikuwa na chaki. Akikusikia asikupende, anakuchora mstari begani, kwenye shati. Hasemi neno. Ukishachorwa unatoka, unakwenda kukaa chini ya mwembe. Mpaka kengele inalia, chini ya mwembe tulikuwa 48.

Siku mbili baadaye niliitwa tena. Sauti yangu haikuwa imepona. Walikuwa wameona shati. Mama alikuwa akinishonea sare mwenyewe, na mstari wa mbele wa kwaya ulihitaji watoto wenye sare nzima. Nikapewa sharti moja: "Fungua mdomo, sauti usitoe." Ndivyo nilivyoimba kwenye mashindano, kama samaki aliyetolewa ziwani. Tukapata nafasi ya pili. Mama alikuwa amekuja, amekaa juu ya jerikeni nyuma ya watu, na jioni ile aliniambia sauti yangu ameisikia kati ya zote.

Sikumwambia ukweli. Mpaka leo sijamwambia, na kwa kuwa yupo hapa, basi leo amejua.

Lugha yetu yenyewe hutuchezea kwenye jambo hili. Kipaji ni kitu ulichopewa, na mpaji, tunasema, ni Mungu. Kipawa nacho ni hivyo hivyo, kimetoka kwenye kupawa. Lakini kipaji ni hiki pia, hapa juu ya nyusi, kipaji cha uso. Basi na sisi tumevichanganya. Tunamkazia mtoto macho usoni tukidhani tunasoma kilichoandikwa: huyu anacho, yule hana. Mtoto hajang'oa hata meno ya utoto, hukumu imeshatoka, na hukumu ile haina rufaa.

Tena angalieni kipaji huwa kinatangazwa lini. Kijana akipiga gitaa vizuri, mtaa mzima unasema alizaliwa nalo. Miaka mitatu nyuma alipokuwa akiumiza masikio ya mtaa huohuo, nyuzi mbili zimekatika na nyingine hazijakazwa, hakuna aliyesema amezaliwa na chochote. Walisema anapoteza muda. Wahenga waliliona hili zamani waliposema ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wanaoshikilia kwamba kipaji ni damu wana hoja, na nataka kuitendea haki. Wanasema: tazama koo za mafundi. Kweli, tazameni. Kule Buganda, kutengeneza lubugo, nguo ya gome la mutuba, ni kazi ya ukoo wa Ngonge tangu enzi. Mkuu wao wa ufundi huitwa kaboggoza, na cheo chake ni cha kurithi. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005. Gome la ndani huvunwa majira ya mvua, kisha hupigwa na kupigwa kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali, ndani ya kibanda kisicho na kuta ili lisikauke upesi, mpaka linakuwa laini kama kitambaa, na rangi yake ni ya udongo mwekundu. Ukiona mtoto wa nyumba ile anavyoshika nyundo, utaapa kwamba amezaliwa nayo.

Lakini Mganda haoi ndani ya ukoo wake. Fikirini maana yake. Mtoto wa Ngonge, mama yake ni wa ukoo mwingine: Nkima, Ffumbe, Mmamba, popote. Nusu ya damu yake ni ya ugenini. Na binti wa Ngonge akiolewa, watoto wake wanabeba damu ya Ngonge nusu kwa nusu vilevile, ila wanahesabiwa ukoo wa baba yao, na hakuna anayewatazamia kuwa mafundi wa lubugo. Ikiwa ufundi uko kwenye damu, basi kwa vizazi vyote hivyo mabinti wameutawanya Buganda nzima, kila kijiji kingekuwa kinagonga magome. Damu ilikwenda na mabinti. Ufundi ulibaki kibandani.

Sisi tuna methali yetu: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Huwa tunaitaja kama ushahidi wa damu, kwa sauti ileile ya kusema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ebu isikilizeni tena. Haisemi mwana wa mhunzi amezaliwa na moto kifuani. Inasema kama bado hafui chuma, basi anavukuta. Mtoto wa miaka mitano amepewa mivukuto ya kupulizia moto kwa sababu yupo pale na mikono yake haina kazi. Anavukuta huku anatazama. Anajua rangi ya chuma kilichoiva kabla hajajua kuhesabu hadi mia. Anajua pigo la nyundo lililokosea kwa mlio wake. Siku anaposhika nyundo mwenyewe na kupatia, wageni wanasema: damu hiyo! Hata Mozart, ambaye haachi kutolewa mfano kwenye mazungumzo haya: mwaka uleule aliozaliwa, 1756, baba yake Leopold alichapisha kitabu cha kufundishia fidla. Mtoto yule alizaliwa ndani ya karakana.

Ila ushahidi unaoniuma zaidi uko hapa kwetu Busoga. Wangapi wamewahi kusikia bigwala zikipigwa, kwa masikio yao, si kwenye simu? (Mikono sita.) Kwa wasiozijua: bigwala ni tarumbeta ndefu za vibuyu vilivyoungwa, tano au zaidi. Kila moja hutoa sauti moja tu. Ukiipuliza yako peke yako utasikika kama ng'ombe aliyepotea njia. Lakini mmoja akianza, wa pili akaingia mahali pake, wa tatu mahali pake, huku wanazunguka ngoma, unaanza kusikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Uko kati yao. Zilikuwa tarumbeta za wafalme, za kusimikwa kwao na kuzikwa kwao.

Mwaka 1967 serikali ikafuta falme. Bigwala zikakosa kazi. Hazikupigwa marufuku na mtu; zilikosa tu siku ya kupigwa, na chombo kisichokuwa na siku yake hufa kimya kimya. UNESCO ilipoiingiza bigwala kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mwaka 2012, wazee wenye ujuzi wa kuzitengeneza, kuzipiga na kuzicheza walikuwa wamebaki wanne.

Wanne! Na Wasoga tuko mamilioni. Sasa niambieni, damu ya wapigaji wale ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Wajukuu zao wapo, wengine mmepanda boda boda zao kuja hapa leo. Masikio wanayo, mapafu wanayo. Kilichokatika ni ule mkao tu, mzee hapa na kijana ubavuni pake. Mkao uliporudishwa, kwa juhudi za wazee wale na James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, vijana wakazishika tarumbeta na zikalia. Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, nao walionja msiba wa aina hiyo. Lubiri, kasri lake, iliposhambuliwa Mei 1966, wanamuziki wa Kabaka walitawanyika, na entenga, zile ngoma 15 zilizopangwa sauti na kupigwa na watu sita, zikanyamaza miaka mingi. Kipaji hakikutoka Buganda siku ile. Kilichotoweka ni ua wa kukalia.

Hapa mtasema mwalimu amemaliza: kipaji ni kujifunza tu, twende tukale. Hapana, kwa sababu mimi nina binamu.

Likizo nilikuwa napelekwa kwa bibi mzaa mama, kijijini. Kulikuwa na embaire, marimba yetu ya Kisoga. Embaire haipigwi na mtu mmoja. Mbao zaidi ya 20 hulazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na chini yake huchimbwa shimo ili sauti ipate tumbo. Wapigaji hukaa chini, pande mbili, wakitazamana. Wanaweza kufika sita hata wanane. Mmoja anaanza kupiga mapigo yaliyoachana sawasawa, na aliye mbele yake anapiga ndani ya yale mapengo. Kwenye amadinda, marimba ya Baganda, inayopigwa kwa kupishana hivyo hivyo, mapigo ya hao wawili yakiungana yanaweza kupita 500 kwa dakika. Hakuna mkono wa mtu mmoja unaoweza hayo, na ndiyo maana ukisimama mbali unadhani ni jini.

Mzee mwenye embaire ile hakuniuliza kama najua. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akanikalisha mwisho kabisa kwenye mbao ndogo, akapiga magoti nyuma yangu, akanishika vifundo vya mikono yote miwili na kuanza kupiga kwa mikono yangu. Nilikuwa na kidevu chake kichwani na harufu ya tumbaku puani. Akaachia bila kuniambia. Nikaenda mapigo matatu, nikaanguka. Na kila mwanafunzi huangukia palepale: unasikia pigo la mwenzako ndilo la kweli, na lako limechelewa, basi mkono unavutwa kwake kama maji kwenye mfereji, mnapiga pamoja, na wimbo unakufa. Hakuna aliyecheka. Wakaanza upya. Nikawaangusha tena, wakaanza upya. Ukumbuke walikuwa wamekuja kupiga kwenye matanga, watu wamekaa wanangoja.

Ilinichukua likizo mbili. Siku moja kitu kikageuka kichwani, nikalisikia pigo langu ndilo la katikati, na la mwenzangu ndilo linalojaza mapengo. Nilipomwambia, akasema kwake yeye ni kinyume: lake ndilo la katikati. Tumebishana hivyo miaka na kila mmoja ana haki.

Binamu yangu alikuwa na umri wangu. Tulianza wiki moja, mzee yuleyule, mbao zilezile, uji uleule asubuhi. Yeye ilimchukua siku tatu. Siku ya nne alikuwa anapiga huku anageuza shingo kuwatazama mbuzi. Na msiniambie ni malezi, kwa sababu ndugu yake wa tumbo moja, aliyebebwa mgongoni kwenye ngoma zilezile, hajaweza mpaka leo na wala hajali. Niliona kwa macho yangu kitu ambacho yule alikuwa nacho na mimi sikuwa nacho. Nikiwaambieni hakipo nitakuwa mwongo.

Wasomi nao wameligonga jambo hili. Mnaijua ile hesabu ya saa 10,000, kwamba ukifanya mazoezi saa hizo unakuwa bingwa? Ilitokana na utafiti wa mwaka 1993 juu ya wapiga fidla wa chuo kimoja Berlin. Lakini saa zile zilikuwa wastani tu wa waliokuwa bora, walipofikia miaka 20. Wastani maana yake wengine walikuwa chini ya hapo. Watafiti wengine walipokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2014, waliona mazoezi yanaeleza kama asilimia 21 tu ya tofauti kati ya mwanamuziki na mwanamuziki. Mwaka huohuo, huko Sweden, walipima mapacha zaidi ya 10,000. Kati ya pacha wa kufanana, waliangalia jozi ambazo mmoja amefanya mazoezi mengi kuliko mwenzake, wakapima masikio yao: kutofautisha sauti, melodia, mdundo. Aliyefanya mazoezi hakumshinda mwenzake. Hata ile hamu ya kufanya mazoezi ilionekana kurithiwa kwa sehemu kubwa.

Niliposoma hayo mara ya kwanza sikulala. Nikajiuliza mimi basi nafundisha nini kila Jumamosi? Kulipokucha nikarudi kusoma tena, nikaona walichopima. Walipima sikio kutambua. Hawakupima mkono kupiga. Pacha aliyefanya mazoezi anaweza kukaa kwenye piano na watu wakaacha chakula wakamsikiliza. Mwenzake, mwenye sikio lilelile, akikaa pale atabonyeza kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Haya, nijibu nilichoulizwa. Kipo kinachozaliwa. Watu hatukugawiwa sawa, na anayesema tuligawiwa sawa hajawahi kukaa kwenye embaire na binamu yangu. Lakini kile cha kuzaliwa hakionekani mpaka mtu afundishwe. Mimi na binamu tusingekalishwa pale, ningejuaje kwamba yeye anacho? Yeye mwenyewe angejuaje? Kwa hiyo mwalimu anayetafuta kipaji kwanza ndipo afundishe ameuanza wimbo mwishoni. Anapima kitu ambacho bado hakijapata mahali pa kutokea. Anachopima hasa ni nani alishafundishwa nyumbani. Wale 12 waliobaki kwenye kwaya yetu, nikiwakumbuka mmoja mmoja, karibu wote walikuwa watoto wa waimbaji wa kanisani au wa madrasa. Walikuwa wanavukuta tangu wakiwa na miaka mitatu.

Yapo hata mambo ambayo zamani tulidhani ni ya kuzaliwa kabisa. Kuna watu ukibonyeza sauti moja kwenye kinanda wanakutajia jina lake bila kufananisha na nyingine. Ni wachache sana, na watu wengi waliamini huzaliwa hivyo. Huko Japani watoto 24 wa miaka miwili hadi sita walifundishwa kidogo kidogo kila siku, kwa miezi mingi. Wawili waliacha. Wale 22 waliobaki, wote walipata. Wote! Lakini ni umri ule. Ukimletea mtu mzima kama mimi, ataishia kutambua honi za matatu.

Na wale ambao kweli masikio yao hayatofautishi wimbo na wimbo? Wapo, na si kosa lao. Ndivyo ubongo wao ulivyoumbwa. Utafiti wa mwaka 2017 uliopima watu zaidi ya 16,000 ulikuta ni kama asilimia 1.5. Chukueni hesabu hiyo mpeleke chini ya mwembe wetu. Darasa la watoto 60, asilimia 1.5, haimalizi hata mtoto mmoja. Mwalimu wangu alichora 48. Simlaumu kwa sikio lake. Alitaka kikombe, na kikombe hakingoji mtu ajifunze.

(Hapa ndipo umeme ulipokatika. Watoto wa dirishani walishangilia.)

Tuendelee, nitapaza sauti. Mnisikilize vizuri mlioko nyuma, maana nazungumza Kiswahili na nchi hii ina msemo wake juu ya hilo: kwamba Mganda na Kiswahili haviendani, ulimi wake haukuumbiwa. Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wakakikimbia kwa sababu kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki mlangoni usiku. Mwaka 2022 serikali ikakipitisha kuwa lugha rasmi, na bado utasikia: hatukujaliwa Kiswahili. Lakini njooni Walukuba. Hapa wafanyakazi wa viwanda walitoka kila pembe, na Mganda, Msoga, Mluo, Mkakwa na Msamia waliozaliwa kwenye nyumba hizi wote wanagombana kwa Kiswahili bila kutafuta maneno. Ulimi gani huo uliokataa? Mjapani mmoja, Shinichi Suzuki, alijenga mbinu yake yote ya kufundisha fidla juu ya jambo dogo kama hilo: watoto wote wa Japani wanazungumza Kijapani, basi wafundishwe fidla kwa njia waliyojifunzia kuzungumza.

Na wasichana? Kwa desturi za huku ngoma nyingi hazikupigwa na mwanamke, ilikuwa mwiko. Vizazi vya wanawake waliishi na kufa, na ungewauliza wazee wangekwambia mwanamke hana mkono wa ngoma. Nendeni leo kwenye mashindano ya shule muwaone wasichana wamefunga vitenge kiunoni wanapiga ngoma. Wamezaliwa na mikono mipya? Hili sitaki kulirefusha, kila mwenye binti amenielewa.

Kuhusu uchoraji na uchongaji nitasema kidogo, kwa kuwa si fani yangu. Mwaka 1937 Margaret Trowell, mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, alianza kufundisha sanaa barazani kwake. Kutoka kwenye baraza ile ikaja shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo ina jina lake. Yeye aliamini Mwafrika ana jicho lake mwenyewe na mwalimu asiliharibu. Aliyemfuata, Cecil Todd, alitaka wanafunzi wapewe mbinu zote, nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya. Ubishi wetu wa leo, kwa ufupi, uligombaniwa Kampala kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mimi ningependa kukumbuka baraza kuliko ubishi. Gregory Maloba, kijana wa Mumias, alipita kwenye shule hiyo, na mkono wake ndio uliotengeneza ule mnara wa Uhuru wa mwaka 1962 pale Kampala: mtu mzima aliyefungwa mikanda, amemnyanyua mtoto aliyeinua mikono juu. Mkifika Kampala mnaupita mkienda kupanda matatu.

Mtauliza binamu yangu yuko wapi. Anaendesha lori kati ya Malaba na Kampala. Aliacha embaire akiwa na miaka 15. Alichoka nayo, ilikuwa rahisi mno kwake. Mimi niliyewaangusha watu kwenye matanga likizo mbili ndiye ninayefundisha. Akipita Jinja huwa anasimama, anapiga dakika kumi, ananiumbua mbele ya wanafunzi wangu, anaondoka.

Walimu wenzangu, ombi langu ni dogo. Muhula ujao, kwaya iwe ya watoto wote mpaka wiki ya nane. Hata wanaonguruma. Mnaposimama karibu nao, imbeni ninyi sikioni mwao, badala ya kusikiliza midomo yao. Baada ya wiki nane, kama lazima mchague wa kwenda mashindanoni, chagueni, sitawazuia. Chaki iachwe ubaoni. Na wazazi, msiniletee mtoto Jumamosi mkaniuliza, "Mwalimu, umeonaje, anacho?" Nitawauliza kama amekula.

Nimemaliza ya karatasini. Hapo nje tumeshalaza mbao juu ya migomba, shimo limechimbwa tangu asubuhi, mnaweza kuliona kupitia mlangoni. Wanafunzi wangu watashika nafasi mbili za kwanza. Ya tatu iko wazi, ni mbao mbili tu za mwisho, zile ndogo. Mama wa kitenge cha njano, wewe uliyenyoosha mikono yote miwili. Karibu.

(Hakuja. Alicheka akafunika uso kwa kitenge. Alikuja mwanawe, msichana wa miaka kama saba, kutoka dirishani, akakaa na viatu vyake vya shule vikining'inia shimoni. Alituangusha mara nne. Mara ya tano mvua ikanyesha.)